Orodha Iliyo Kiooni na Daftari la Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu ameusikia msemo huo, na kila mkaguzi wa hesabu hufanya kazi yake kwa kuutegemea. Siku hizi vyama vingi vina kompyuta, na daftari limehamia ndani ya mashine. Katika kuhama huko limezuka jambo ambalo daftari la karatasi halikuwa nalo. Mtu akifungua kitabu cha mapokezi, anatazama kitabu chenyewe. Mtu akitazama kioo cha kompyuta, hatazami daftari. Anatazama nakala yake. Nakala hiyo yaweza kuwa sahihi, na yaweza kuwa imepitwa na wakati, wala kwa macho peke yake hakuna awezaye kutofautisha moja na nyingine.

Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo: namna orodha inayoonekana katika dirisha la programu inavyofungamanishwa na kumbukumbu za chama, sababu za orodha hiyo kubaki nyuma, na yapasayo kufanywa na karani, mhasibu, katibu na mtengenezaji wa programu ili ihuishwe kwa wakati wake.

Mfano wa orodha ya malipo

Chukueni mfano wa chama cha msingi kinachopokea korosho. Ofisini mna kompyuta mbili, na zote mbili zinatumia hifadhidata moja. Karani wa mizani anaitumia ya kwanza, mhasibu anaitumia ya pili. Saa 3 asubuhi mhasibu anafungua orodha ya malipo, na mwanachama namba 147 anaonekana ameleta kilo 640. Saa 4 karani anagundua kuwa tarakimu zilipinduliwa wakati wa kuandika, kwa maana hati ya mizani inasema kilo 460. Anasahihisha, anahifadhi, na kioo chake kinaonyesha 460. Saa 5 mhasibu, ambaye dirisha lake limekaa wazi tangu asubuhi, anaandaa malipo ya mwanachama huyo kwa kilo 640. Ikiwa bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, chama kimelipa shilingi 360,000 zaidi ya haki.

Karani alitimiza wajibu wake. Mhasibu alisoma kilichokuwa mbele ya macho yake. Hifadhidata nayo ina tarakimu iliyo sahihi. Hata hivyo mkaguzi atakapofika atakuta daftari linasema 460 na hati ya malipo inasema 640, na jambo la kwanza litakalomjia mtu yeyote akilini ni kuwa pametendeka udanganyifu. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Orodha isiyohuishwa hulitia chama hasara ya fedha, na pamoja na hasara hiyo huweza kumtia mtu mwaminifu katika tuhuma ambayo hana njia nyepesi ya kujitetea, kwa kuwa orodha aliyoisoma saa 5 haipo tena mahali popote.

Ngazi tatu za habari

Ili kuelewa kosa hilo linavyotokea, hapana budi kujua kwamba habari moja hukaa mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni hifadhidata, yaani daftari kuu lililohifadhiwa katika diski ya kompyuta ya ofisi au katika mashine kuu ya mbali. Hapo ndipo penye ukweli wa chama.

Mahali pa pili ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayotumika. Programu inapofunguliwa husoma mistari inayotakiwa kutoka katika daftari kuu na kujitengenezea nakala ya kazi. Nakala hii huishi muda wote programu iwapo wazi, na programu ikifungwa hutoweka.

Mahali pa tatu ni picha iliyo kiooni: safu na mistari, majina na tarakimu. Picha hii huchorwa kutokana na nakala ya kazi, wala haichorwi moja kwa moja kutokana na daftari kuu.

Kufungamanisha orodha na data maana yake ni kuiambia programu kwamba mstari huu wa kiooni unasimama badala ya kumbukumbu ile, na safu hii inasimama badala ya kipengele kile cha kumbukumbu, kama vile jina, namba ya uanachama au uzito. Kazi hiyo ikishafanywa, mtengenezaji wa programu hana haja ya kuandika amri ya kuchora kila tarakimu. Ni msaada mkubwa, lakini aghalabu ndio unaozaa imani potofu kwamba kitu kilichofungamanishwa hubadilika chenyewe. Kufungamana na kupashwa habari ni mambo mawili tofauti. Picha yaweza kuwa imefungamanishwa vema na nakala ya kazi, na bado isijue kwamba nakala hiyo imebadilika, kwa sababu hakuna aliyeiarifu.

Mbiu ya mabadiliko

Tatizo hili si geni. Katika miaka ya 1978 na 1979 mtaalamu wa Norway, Trygve Reenskaug, alikuwa mgeni katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Huko alibuni mpango wa kuigawa programu katika sehemu tatu: sehemu inayobeba habari, sehemu inayoionyesha habari hiyo kiooni, na sehemu inayopokea amri za mtumiaji. Katika lugha ya kompyuta ya Smalltalk, iliyokuzwa katika kituo hicho, utaratibu ulikuwa kwamba sehemu inayobeba habari haijishughulishi na namna inavyoonyeshwa. Ikibadilika, hutangaza tu kuwa imebadilika, na kila dirisha lililojiandikisha kupokea tangazo hilo hujisomea upya. Mwaka 1994 waandishi wanne, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, waliuingiza utaratibu wa namna hiyo katika kitabu chao kuhusu miundo ya programu, na tangu hapo umefundishwa mahali pengi.

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndivyo utaratibu huu unavyofanya kazi: mwenye habari hupiga mbiu, na wanaohusika hukusanyika. Mbiu isipopigwa, kila mtu hubaki nyumbani kwake akidhani hakuna jipya.

Katika programu nyingi za ofisini zilizotengenezwa kwa mfumo wa .NET wa kampuni ya Microsoft, ulioanza kutolewa mwaka 2002, tofauti hii huonekana wazi. Mtengenezaji akiiweka nakala ya kazi katika orodha ya kawaida, orodha hiyo haipigi mbiu yoyote. Mwanachama mpya akiongezwa, kioo hubaki kama kilivyokuwa. Akitumia aina ya orodha iitwayo BindingList, iliyokuja mwaka 2005, au ile iitwayo ObservableCollection, iliyokuja mwaka 2006, mbiu hupigwa kila mstari unapoongezwa au kuondolewa.

Lakini hata hapo pana mtego unaowanasa wengi. ObservableCollection hutangaza kuingia na kutoka kwa mistari. Haitangazi mabadiliko yaliyo ndani ya mstari uliokwishakuwapo. Ni mfano wa katibu anayemtangazia kila mtu kuwa chama kimepata mwanachama mpya, lakini namba 147 aliposahihishiwa uzito kutoka 640 hadi 460 akakaa kimya. Ili badiliko la namna hiyo lionekane, kila kumbukumbu ya mwanachama hupasa iwe na mbiu yake yenyewe, itakayosema: uzito wangu umebadilika. Programu isiyo na mbiu hiyo ya pili huonekana nzima siku inapojaribiwa, kwa kuwa majaribio mengi huwa ni ya kuongeza na kufuta. Kasoro yake hujitokeza msimu unapoanza na masahihisho yanapokuwa mengi.

Neno moja, kazi tatu

Jambo la pili linalopoteza watu ni kwamba neno kuhuisha hutumika kwa kazi tatu zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kuchora upya. Programu hufuta picha iliyo kiooni na kuichora tena kutokana na nakala ile ile ya kazi. Ikiwa nakala ni ya zamani, picha mpya itakuwa na habari za zamani. Katika Windows Forms amri ya kuchora upya ina jina linalomfanya mtengenezaji asiye na uzoefu aamini kwamba inaleta data mpya, kumbe inapaka rangi tu.

Kazi ya pili ni kusoma upya nakala ya kazi. Picha huambiwa iipitie nakala ya kazi mstari kwa mstari na kuchukua yaliyomo sasa. Hii hufaa pale badiliko lilipofanywa ndani ya kompyuta ile ile, na mbiu haikupigwa.

Kazi ya tatu ni kusoma upya daftari kuu. Programu hurudi katika hifadhidata, huuliza swali lile lile la awali, na kuipata nakala mpya ya kazi. Katika mfano wa mhasibu na karani, hii ndiyo kazi pekee ambayo ingeokoa shilingi 360,000, kwa kuwa badiliko lilifanywa katika kompyuta nyingine.

Vyama vinavyotumia Microsoft Access vinaweza kuiona tofauti hii bila kumwita fundi. Access ina amri mbili zinazofanana kwa jina. Ya kwanza huleta mabadiliko ya kumbukumbu zilizokwishakuwa katika orodha, lakini haileti kumbukumbu mpya, wala haiiondoi iliyofutwa. Iliyofutwa huachiwa alama tu ya kuonyesha kuwa imefutwa. Ya pili huuliza swali upya kabisa, na hapo wapya huonekana na waliofutwa hutoweka. Katika fomu ya Access amri hii ya pili hutolewa kwa kubonyeza kitufe cha Shift na kitufe cha F9 kwa pamoja. Katibu anayetafuta jina la mwanachama aliyeandikishwa nusu saa iliyopita, akatumia amri ya kwanza na asilione, asiharakishe kumlaumu karani kuwa hakuliandika.

Hatari za kuhuisha ovyo

Baada ya kusikia hayo mtu aweza kudhani kwamba dawa ni kuhuisha kila mara, hata kila sekunde. Fikra hiyo ina hatari zake, na zapasa kutajwa.

Hatari ya kwanza ni kupoteza mahali. Baadhi ya watengenezaji huihuisha orodha kwa kuikata kabisa na chanzo chake na kisha kuiunganisha tena. Data huja mpya, lakini mstari uliokuwa umechaguliwa huachwa, na orodha hurudi juu. Kwa mtu aliyekuwa katika mstari wa 300 hiyo ni kero. Lipo baya zaidi. Programu nyingine hujaribu kuondoa kero hiyo kwa kukumbuka nafasi ya mstari. Mhasibu amechagua mstari wa 12. Wakati huo huo karani anaandikisha mwanachama mpya ambaye jina lake linaanza kwa herufi A. Orodha inahuishwa, kila mtu anashuka hatua moja, na mstari wa 12 sasa ni wa mtu mwingine. Mhasibu akibonyeza kitufe cha kulipa, fedha zinaelekea kwa asiyehusika. Kinachopasa kukumbukwa ni namba ya uanachama. Nafasi katika orodha ni mahali pa kupita, lakini namba ni ya mtu mwenyewe na haihamihami.

Hatari ya pili ni kufuta kazi ambayo haijahifadhiwa. Karani yupo katikati ya kuandika uzito, ameandika tarakimu mbili kati ya tatu, na orodha inajihuisha. Programu mbovu itarudisha tarakimu ya zamani katika kisanduku hicho, naye huenda asitambue. Programu njema hungoja mpaka mstari unaoandikwa umalizike, au hutangaza kwamba zipo habari mpya na kumwachia mtumiaji achague wakati wa kuzipokea.

Hatari ya tatu inafanana na hiyo. Katika orodha nyingi za Windows Forms, tarakimu iliyoandikwa katika kisanduku haihesabiwi kuwa imeingia katika nakala ya kazi mpaka kishale kitoke katika kisanduku hicho. Vitufe vya upau ulio juu ya dirisha haviondoi kishale mahali kilipo. Matokeo yake ni kwamba karani huandika tarakimu ya mwisho, hubonyeza kitufe cha kuhifadhi kilicho juu, na mistari yote huhifadhiwa isipokuwa ule mmoja wa mwisho. Orodha ikihuishwa, tarakimu yake imetoweka. Mtengenezaji hupasa kuiamuru programu ifunge uandishi kwanza ndipo ihifadhi. Hadi hilo litakapofanyika, karani na ahamie mstari mwingine kabla ya kuhifadhi.

Ulinzi wa mwisho

Hata orodha ikihuishwa vizuri namna gani, kati ya kusoma na kutenda hupita muda, na katika muda huo mtu mwingine aweza kubadilisha daftari. Kuhuisha kunapunguza pengo hilo, hakuliondoi. Kwa sababu hiyo programu ya fedha haifai kutegemea macho ya mhasibu peke yake.

Njia iliyozoeleka ni kuipa kila kumbukumbu namba ya toleo, inayobadilika kila kumbukumbu inapobadilishwa. Hifadhidata ya SQL Server ina aina maalumu ya safu inayojibadilisha yenyewe kwa kazi hiyo. Mhasibu anapofungua orodha, programu huchukua tarakimu pamoja na namba ya toleo. Anapotaka kulipa, programu huiambia hifadhidata: andika malipo haya ikiwa toleo bado ni lile lile. Kama karani alikwisha kusahihisha, toleo si lile tena, maandishi hukataliwa, na mhasibu huambiwa asome upya. Katika mfano wa mwanachama namba 147, malipo ya saa 5 yangegota hapo. Mhasibu angeona 460, angelipa inavyostahili, na mkaguzi asingekuwa na swali la kumwuliza.

Yapasayo kufanywa na chama

Ndugu makatibu, mengi ya hayo ni kazi ya mtengenezaji wa programu. Hata hivyo chama ndicho kinachomlipa, na kina haki ya kumwuliza. Kabla ya kuipokea programu, bodi na imtake aonyeshe mambo haya kwa vitendo, mbele ya kompyuta mbili zilizowekwa pamoja:

1. Uzito wa mwanachama ubadilishwe katika kompyuta ya kwanza, ipimwe ni muda gani unapita kabla badiliko halijaonekana katika ya pili, na kwa kubonyeza nini.

2. Mwanachama mpya aandikishwe na mwingine aondolewe, ionekane kama orodha zote mbili zinalingana.

3. Mstari uchaguliwe, orodha ihuishwe, ithibitishwe kwamba aliyechaguliwa bado ni mtu yule yule kwa namba yake.

4. Mtu aanze kuandika tarakimu, orodha ihuishwe, ionekane kama maandishi yake yamesalimika.

5. Kompyuta zote mbili zibadilishe kumbukumbu moja, ionekane kama ya pili inakataliwa kwa maelezo yanayoeleweka.

6. Juu ya kila orodha, na katika kila karatasi inayochapishwa, pawepo tarehe na saa ambayo daftari kuu lilisomwa.

Jambo hilo la sita ni dogo kulitengeneza, na faida yake ni kubwa. Karatasi ya malipo yenye maneno "Imesomwa saa 3:05 asubuhi" humwambia mkaguzi kwa nini ina kilo 640 wakati daftari lina 460 iliyosahihishwa saa 4. Penye saa, mhasibu mwaminifu ana ushahidi.

Kwa upande wa ofisi, vyama vilivyo na programu za zamani visingoje mpya ndipo vichukue hatua. Mhasibu afunge orodha ya malipo na kuifungua upya kabla ya kuanza kila fungu la malipo, kwa kuwa kufungua upya mara nyingi ndiyo njia ya uhakika ya kulisoma daftari kuu. Karani anayesahihisha kumbukumbu baada ya orodha ya malipo kufunguliwa amwarifu mhasibu kwa mdomo, kisha aandike namba ya mwanachama, tarakimu ya awali, tarakimu mpya na saa katika kitabu cha masahihisho. Hati za mizani zitunzwe mpaka ukaguzi wa msimu umalizike.

Na wanachama nao wana sehemu yao. Mwanachama anapoonyeshwa uzito wake kiooni ana haki ya kuuliza orodha hiyo ilisomwa lini, na kuilinganisha na stakabadhi iliyo mkononi mwake. Swali hilo si dharau kwa karani wala kwa mhasibu. Likiulizwa dirishani kabla fedha hazijatoka, huchukua dakika moja kujibiwa. Likiulizwa katika Mkutano Mkuu baada ya msimu, huchukua siku nzima, na aghalabu huacha kinyongo kati ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeiba.